Misingi ya Unajimu wa Kiveda: Maelezo kwa Walimu na Wafasiri wa Kiswahili

Utangulizi

Katika zoezi moja la tafsiri, wanafunzi wetu wa mwaka wa pili walipewa tangazo dogo la kutafuta mchumba, la aina inayochapishwa kwa wingi katika magazeti ya India. Lilikuwa na mistari minne tu: umri wa binti, elimu yake, kazi ya babake, kisha maneno haya: rashi Mesha, nakshatra Ashvini, mangalik. Karibu darasa zima liliandika kwamba binti huyo ni "wa nyota ya Punda". Mwanafunzi mmoja mwenye bidii alipekua kamusi ya Kihindi, akaona kuwa mangala ni heri au baraka, naye akatafsiri mangalik kuwa "mwenye heri".

Kwa bahati mbaya, katika tangazo la ndoa neno hilo lina maana inayokaribia kuwa kinyume cha heri. Familia ilikuwa inakiri mapema kwamba katika chati ya kuzaliwa ya binti yao sayari ya Mirihi imekaa mahali panapoogopwa, ili wachumba wenye kujali jambo hilo wasijisumbue. Kwa neno moja la kamusi, mfasiri wetu aligeuza onyo kuwa sifa. Na tangazo la ndoa si shairi. Watu huchukua hatua kwa kulitegemea.

Makala haya yanakusudia kueleza misingi ya elimu hiyo ya Wahindi kwa kiasi kinachomtosha mwalimu au mfasiri wa Kiswahili. Hayakusudii kumshawishi mtu aiamini. Mimi mwenyewe siiamini. Lakini mamilioni ya watu huitumia kuchagua jina la mtoto, siku ya arusi na mchumba, zikiwemo familia nyingi za Kihindu tunazoishi nazo hapa Kampala, na huwezi kufasiri maneno ya mtu kwa kudharau anachokisema.

Jina na asili yake

Wahindi huiita jyotisha, neno la Kisanskriti linalotokana na jyoti, yaani mwanga. Ni elimu ya mianga ya mbinguni. Hapo kale ilihesabiwa kuwa mojawapo ya "viungo" sita vya Veda, yaani elimu saidizi ambazo msomaji wa vitabu hivyo vitakatifu alipaswa kuzijua. Walimu wa lugha watafurahi kusikia kwamba vinne kati ya viungo hivyo ni masomo yetu sisi: fonetiki, arudhi, sarufi na etimolojia. Vilivyobaki ni kanuni za ibada na hiyo jyotisha, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kujua siku na saa sahihi za kutoa sadaka. Risala ya kale inayonasibishwa na Lagadha hushughulika na hesabu za Jua, Mwezi na majira tu. Hakuna ndani yake utabiri wa maisha ya mtu binafsi.

Utabiri wa mtu kwa saa yake ya kuzaliwa ulikuja baadaye, katika karne za mwanzo baada ya Kristo, na ulikuja kwa kiasi kikubwa kutoka kwa Wayunani. Jambo hili halipendezi masikioni mwa wengi wanaosisitiza kwamba kila kitu kimo katika Veda, lakini lugha yenyewe inatoa ushahidi. Kitabu cha kale cha somo hili kinaitwa Yavanajataka, yaani "elimu ya kuzaliwa ya Wayavana", na Yavana ni wale wale ambao Waarabu, na sisi kwa kupitia kwao, tunawaita Yunani. Majina yote mawili yametoka kwenye Ionia. Neno hora, saa, ni la Kiyunani. Kendra, yaani kitovu, ni kentron ya Kiyunani iliyovaa mavazi ya Kisanskriti, na leo Wahindi huitumia kwa maana ya kituo. Jamitra, jina la nyumba ya saba katika chati, ni diametros, kwa kuwa nyumba hiyo hutazamana moja kwa moja na ya kwanza. Varahamihira, mwanafalaki mkubwa wa karne ya 6, hakuona aibu kuwasifu Wayavana kwa ujuzi wao. Kwa hiyo neno "Kiveda" katika jina la elimu hii tulichukulie kama heshima ya ukoo zaidi ya tarehe ya kuzaliwa.

Graha: washikaji tisa

Msingi wa kwanza ni graha, nazo ni tisa. Saba ni mianga inayoonekana kwa macho: Jua (Surya), Mwezi (Chandra), Mirihi (Mangala), Utaridi (Budha), Mshtarii (Brihaspati au Guru), Zuhura (Shukra) na Zohali (Shani). Siku za juma za Kihindi zimepewa majina ya saba hizo, kuanzia Ravivar, siku ya Jua, ambayo ni Jumapili. Walimu wenzangu watapenda kujua kwamba Alhamisi ni Guruvar, siku ya Mwalimu.

Hapa mfasiri ajihadhari na majina yetu wenyewe. Zipo orodha za shuleni zinazoitaja Kausi kuwa sayari, ilhali kwa wanafalaki wa pwani Kausi ni buruji, ile inayoitwa Mshale magazetini. Atakayefuata orodha hizo atachanganya mgeni na nyumba aliyofikia.

Graha mbili za mwisho, Rahu na Ketu, hazionekani kwa sababu si vitu. Ni nukta mbili ambapo njia ya Mwezi hukatana na njia ya Jua. Jua na Mwezi wanapokutana karibu na nukta hizo, au wanapotazamana hapo, ndipo kunapotokea kupatwa. Katika kisa cha Kihindu, zimwi mmoja alikunywa kwa hila kinywaji cha uzima wa milele. Jua na Mwezi wakamshtaki, akakatwa kichwa. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kunywa, hakufa: kichwa kikawa Rahu, kiwiliwili kikawa Ketu, na hadi leo huwawinda wale mashahidi wawili.

Je, graha tuziite sayari? Wengi hufanya hivyo, na msomaji huelewa. Hata hivyo, sayari kwa asili yake ya Kiarabu ni kitu kinachosafiri, na graha ni kitu kinachoshika. Mzizi wake ni kushika au kukamata, na kutokana na mzizi huo huo Wahindi wana neno grahana, yaani kupatwa kwa Jua au Mwezi. Sisi nasi tunasema Mwezi "umepatwa", kana kwamba kuna aliyeupata. Sura ni ile ile katika lugha mbili zisizo na udugu. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini Jua, Mwezi na nukta mbili tupu zimo katika orodha moja na Zohali: zote hudhaniwa kumshika binadamu.

Rashi, na digrii 24 zinazotutenganisha

Msingi wa pili ni rashi 12, na hapa ndipo darasa zima lilipoteleza. Njia ya Jua angani imegawanywa katika sehemu 12 za digrii 30 kila moja. Majina yake kwa Kisanskriti ni Mesha, Vrishabha, Mithuna, Karka, Simha, Kanya, Tula, Vrishchika, Dhanu, Makara, Kumbha na Mina. Wanafalaki wa pwani wana Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Na wasomaji wa magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi wana Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Orodha hizi zinafuatana karibu neno kwa neno, kwa kuwa chimbuko lao ni moja. (Simha na simba vimefanana kwa bahati tu. Simba wetu ana ndugu zake katika lugha za Kibantu, kama yule kasimba wa Waganda, ambaye ni kanu, si simba.)

Majina yakifanana hivi, mtu atadhani vitu vyenyewe ni vile vile. Sivyo. Buruji za magazetini huanza kuhesabiwa pale Jua lilipo katika siku ya Machi ambapo usiku na mchana hulingana. Unajimu wa Kiveda huhesabu kwa kuzitazama nyota zenyewe. Zamani vianzio hivyo viwili vilikuwa mahali pamoja. Lakini Dunia huyumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka, mzunguko mmoja kwa takribani miaka 26,000, na hivyo kianzio cha majira huteleza nyuma ya nyota kwa digrii moja kila miaka 72 hivi. Tofauti hiyo huitwa ayanamsha, na sasa imepita digrii 24. Kiwango kinachotumiwa na wengi India kinajulikana kwa jina la Lahiri. Kilipitishwa na kamati ya marekebisho ya kalenda iliyoundwa mwaka 1952 chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, na kimefungwa kwenye nyota ya Chitra.

Ushahidi wake unaonekana kwenye kalenda ya sikukuu. Jua hufika mwisho wa safari yake ya kusini mnamo tarehe 21 au 22 Desemba, na hapo kwa hesabu ya magazeti linaingia Mbuzi. Wahindi husherehekea kuingia kwa Jua katika Makara karibu na tarehe 14 Januari. Wagujarati hurusha vishada siku hiyo na kuiita Uttarayana, yaani "safari ya kaskazini". Kwa kweli safari ya kaskazini imekwisha kuanza zaidi ya majuma matatu nyuma.

Basi mtu aliyezaliwa tarehe 5 Aprili ni Punda gazetini, lakini kwa mnajimu wa Kihindi Jua lake bado limo Mina, yaani Samaki. Tena kuna tofauti ya pili iliyo kubwa zaidi. Mhindi akitaja "rashi yangu", kwa kawaida hataji mahali pa Jua hata kidogo. Anataja mahali pa Mwezi. Mwezi huzipita rashi zote 12 kwa muda wa siku 27 na kitu. Binti wa tangazo letu angeweza kuzaliwa Agosti au Desemba na bado akawa wa Mesha.

Lagna na nyumba

Msingi wa tatu ni saa ya kuzaliwa. Kwa kuwa Dunia inazunguka, rashi zote 12 huchomoza upande wa mashariki ndani ya siku moja, kila moja kwa takribani saa mbili. Ile inayochomoza wakati mtoto anapozaliwa huitwa lagna. Mtoto aliyezaliwa alfajiri Jua linapochungulia ana lagna na Jua katika rashi moja. Mwenzake wa siku hiyo hiyo aliyezaliwa adhuhuri ana lagna iliyo rashi tatu mbele. Wanajimu wa kale waligawa siku nzima katika ghati 60 za dakika 24 kila moja, na walianza kuhesabu Jua linapochomoza. Mtu anayesema "saa moja asubuhi" hahitaji kufundishwa mantiki hiyo.

Kutoka kwenye lagna huhesabiwa nyumba 12, kila moja ikiwa na mambo yake. Ya kwanza ni mwili na nafsi ya mtu. Ya pili ni mali, na pia usemi. Ya nne ni mama na maskani, ya tano watoto, ya sita maadui, magonjwa na madeni. Ya saba ni mwenzi wa ndoa, ya nane umri na mauti, ya kumi kazi, na ya kumi na mbili hasara na matumizi. Chati yenyewe, wanayoiita kundali, ni mchoro wa mraba wenye vyumba 12 na graha tisa zilizoandikwa ndani yake. Kazi ya mnajimu ni kusoma nani amekaa chumba gani, ni mwenye nyumba au mgeni, na nani anamkodolea nani macho.

Nakshatra

Msingi wa nne ndio mkongwe kuliko yote, na kwangu ndio mtamu. Anga hugawanywa tena katika vituo 27 vya Mwezi, kila kimoja digrii 13 na dakika 20, ili Mwezi ulale katika kituo kimoja takribani kila usiku. Hizo ni nakshatra. Waarabu wana elimu kama hiyo yenye vituo 28, na wanafalaki wa pwani waliipokea kwa jina la manazili. Kituo cha tatu cha Wahindi ni Krittika. Cha tatu cha Waarabu ni Thuraya. Navyo ni kundi moja la nyota, lile ambalo mkulima wa Kiswahili huliita Kilimia kwa sababu lilimwambia wakati wa kulima.

Kila nakshatra ina robo nne, hivyo robo zote ni 108, na kila robo imepewa silabi yake. Ashvini ina chu, che, cho, la. Bharani ina li, lu, le, lo. Mtoto anapozaliwa, mnajimu hutazama Mwezi uko robo gani, na familia hutafuta jina linaloanza na silabi hiyo. Huenda binti wa tangazo letu anaitwa Lata. Linganisha na desturi ya falaki ya pwani, ambapo mtaalamu hujumlisha thamani za herufi za jina la mtu na la mamake ili kuipata nyota yake. Kule nyota huzaa jina, huku jina huzaa nyota.

Nakshatra ya kuzaliwa pia hufungua hesabu ya dasha, yaani zamu za graha katika maisha. Mfumo unaotumiwa zaidi una jumla ya miaka 120: Ketu miaka 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19 na Utaridi 17. Ashvini iko chini ya Ketu. Ikiwa Mwezi wa binti ulikuwa katikati ya Ashvini, alizaliwa akiwa na miaka mitatu na nusu iliyobaki ya Ketu, akaingia Zuhura hadi umri wa miaka 23 na nusu, kisha Jua. Zuhura ni graha ya mapenzi na arusi. Pengine ndiyo maana wazazi, walipoona zamu hiyo imepita, waliona tangazo lisichelewe.

Mangalik

Sasa turudi kwenye neno lililomshinda mwanafunzi wetu. Kabla ya ndoa nyingi za Kihindu, chati mbili hulinganishwa kwa vigezo vinane vyenye alama kuanzia 1 hadi 8, jumla 36, na zikipungua 18 wazee hutikisa kichwa. Kando ya alama hizo hutazamwa Mirihi, graha ya moto na vita. Ikiwa imekaa nyumba ya 1, 4, 7, 8 au 12, mtu huyo ni mangalik. Baadhi huongeza ya 2. Huaminiwa kuwa ataleta ugomvi katika ndoa, au hata kifo cha mwenzi wake. Graha hii kali imepewa jina la heri, Mangala, na kamusi haikudanganya; haikueleza tu kwamba katika ndoa heri hiyo huogopwa.

Hebu tupige hesabu. Kila siku Mirihi hupita nyumba zote 12, kwa kuwa lagna huzunguka. Nyumba tano kati ya 12 ni takribani saa 10 kati ya saa 24. Yaani kila siku inayopita, karibu watoto 42 kati ya 100 huzaliwa na kasoro hiyo, na wengine huhesabu pia kutoka kwenye Mwezi, wakaongezeka. Si ajabu kwamba wanajimu wamelazimika kutunga orodha ndefu ya mambo yanayoifuta. Inayojulikana zaidi ni kwamba mangalik wawili wakioana, kasoro hufutana. Nyingine ni kumwoza binti kwanza kwa chungu au kwa mti, ili huyo "mume" wa kwanza abebe balaa. Na mara nyingi ni binti anayebeba mzigo; kijana mwenye Mirihi hiyo hiyo husamehewa upesi zaidi.

Elimu au imani?

India yenyewe imebishana juu ya hili mahakamani. Mwaka 2001 tume inayosimamia fedha za vyuo vikuu iliamua kuruhusu jyotisha ifundishwe vyuoni kama sayansi. Wanasayansi walipinga, lakini Mahakama Kuu ya nchi ikatupilia mbali shauri lao mwaka 2004. Miaka minne baadaye mwanafizikia wa nyota Jayant Narlikar na wenzake wa Maharashtra, akiwemo Narendra Dabholkar, mpinga ushirikina aliyeuawa kwa risasi Pune tarehe 20 Agosti 2013, walifanya jaribio. Walikusanya taarifa za kuzaliwa za watoto 100 wenye vipaji vikubwa vya masomo na watoto 100 wenye ulemavu wa akili. Wanajimu 27 walirudisha majibu, kila mmoja akiwa amepewa chati 40 atenganishe kundi na kundi. Walipatia kwa asilimia 46. Kurusha sarafu kungewapa 50.

Kwangu mimi hilo linatosha kuhusu utabiri. Halimpunguzii mfasiri kazi yake hata chembe. Tafsiri tuliyokubaliana darasani ilikuwa hii: "Alizaliwa Mwezi ukiwa Mesha (Hamali kwa hesabu ya Kihindi), kituo cha Ashvini, ana kasoro ya Mirihi." Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba ni ndefu mara mbili ya tangazo lenyewe, na alisema kweli.

Limebaki jambo moja. Kilimia tunalo kwa Kiswahili, na bila shaka Waganda, Wanyankole, Waacholi na Wateso wana majina yao ya kundi hilo, na ya nyota nyingine ambazo wazee walizitumia kupanga kilimo na safari. Tungependa kuyakusanya kwa ajili ya matoleo yajayo. Aliye na majina hayo ayalete idarani, akitaja lugha na mahali alipoyasikia.